Kidevu Chako Mikononi mwa Mwingine

Mdogo wangu mpendwa, Nsimire,

Picha uliyotuma Jumapili ilifika. Niliitazama nikiwa nimesimama jikoni, nikaitazama tena nikiwa nimekaa, kisha nikaikuza kwa vidole viwili mpaka kidevu chako kikajaa kwenye kioo cha simu. Hakuna kitu. Hakuna udevu, hakuna kivuli, hakuna hata vile vidoa vyeusi tulivyovijua mimi na wewe kuliko mtu yeyote duniani. Umevaa kilemba cha manjano, unacheka, na chini ya mdomo wako pamekuwa laini kama yai lililomenywa. Ndugu wote wakaandika "umependeza". Mimi sikuandika neno. Siku ya pili ukanitumia sauti, ukiniita dada yako kama unavyoniita siku zote: "Yaya, picha haikufika?" Ilifika, mama. Nilishikwa na wivu, basi.

Nakujibu kwa barua ya wazi, na sababu ninazo. Kwenye simu unanichekesha, na nikicheka nasahau kugomba. Tena mji huu wa Bukavu una wanawake wengi wenye kidevu kama chetu, wanaojifunga kitambaa shingoni hata jua likiwaka, na ningependa nao wajue hii leza, huu mwanga wa mashine unaochoma ndevu, ni kitu gani kabla hawajaikimbilia kama nilivyoikimbilia mimi. Wewe isome kama barua ya ndugu. Wao wachukue kinachowafaa.

Unakumbuka Jumamosi zetu kwenye baraza ya nyumbani, hapa mtaani Nyalukemba? Vyombo vikishaoshwa, mama alikuwa analeta kiti chake mpaka ukingoni, anakigeuza kuelekea ziwani, anainua kidevu. Alisema mwanga unaotoka majini hauongopi, unaonyesha hata udevu uliozaliwa asubuhi. Mimi nilishika kibano, wewe ulishika bakuli la maji baridi na kitambaa. Siku ulipopewa kibano kwa mara ya kwanza ulimbana ngozi badala ya udevu, mama akaruka kitini. Nilidhani atakupiga. Akasema tu, "Vuta ngozi kwanza na kidole, mutoto wangu. Ndevu inatoka kule inaelekea. Usipigane naye." Tukajifunza hivyo: kidole gumba kinavuta ngozi, kibano kinafuata njia ya udevu, kitambaa cha baridi kinamalizia.

Zetu zilipoanza kuota nasi tukalia, hakutuonea huruma hata kidogo. "Munalia nini? Hii ndevu iko ya kwetu. Ilitoka Walungu na koko yenu, haikutoka kwa shetani." Hivyo ndivyo nyanya yetu, ambaye hatukumwona, alivyoingia kwenye maisha yetu, kwa kupitia kidevuni. Sheria ya mama ilikuwa moja tu, kwamba wembe haugusi uso wa mwanamke. "Wembe iko ya papa yenu. Ukigusa nayo, itaota ya mwanaume." Tuliamini maneno hayo kama katekisimu, wembe wa baba hatukuugusa.

Msichana wa darasani kwako alipokuita "Monsieur", yaani Bwana, nilimngoja langoni nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, kwa kuwa wanafunzi wangu watasoma. Na yule muuza vitenge je, mmoja wa wanaoamini kwamba mwanamke mwenye ndevu huvuta mali, aliyekuona ukipita akapiga makofi? "Aa, mwanamuke wa ndevu! Mali iko nyuma yako, inakufwata!" Ukageuka kuangalia nyuma kama kweli kuna mali inakuja na mizigo yake. Tulicheka mpaka tukasahau kununua kitenge. Jioni mama akasema yule mtu hakukosea, ni kwamba mali ya ukoo wetu inatembea polepole.

Mama alipotutoka tukabaki wawili na kiti kimoja. Jumamosi hii unakaa wewe, ijayo nakaa mimi. Ni hapo tulipoambiana mambo yote, maana mtu aliyeshikwa kidevu hana pa kukimbilia wala pa kugeuzia macho. Hapo uliniambia kwamba umepata mchumba. Hapo nilikuambia kwamba mimi wangu ameniacha. Asubuhi ya harusi yako, kabla ya wale wasichana wa kukupamba kufika, ulikaa ukiwa na taulo mabegani, nami nikakutoa udevu mmoja mmoja mpaka ukaisha. Ukaniuliza, "Yaya, kule Kinshasa nani atanitoleaka?" Nikakujibu, "Bwana yako." Tukacheka, machozi yakakutoka, nikayafuta na kusema ni ya kibano.

Basi ukafika Kinshasa, na huko ukakuta leza.

Sauti zako za mwanzo nilizisikiliza kwa hamu, na nitazirudia hapa kwa ajili ya wenzetu. Uliniambia kwamba huko kliniki hawaanzi kwa kukuchoma. Kwanza wanauliza. Hedhi inakuja kwa mpango? Ndevu zilikuwepo tangu usichana au zimetokea ghafla? Unameza dawa gani, una mimba? Maana kuna ndevu za ukoo na kuna ndevu zinazosukumwa na homoni zilizovurugika, na hizi za pili zinataka matibabu ya chanzo. Ukizichoma bila hivyo zinarudi zikikucheka. Kisha wanaangalia ngozi. Ngozi nyeusi inameza joto, na mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya ngozi nyeupe inaweza kuiunguza na kuiachia madoa. Kwa hiyo uulize bila aibu kama mashine yao inafaa ngozi kama yako, na wajaribu kwanza mahali padogo chini ya taya, wasubiri waone ngozi inasemaje.

Ukaniambia habari za miwani ya giza, za jeli baridi, za maumivu yenyewe. "Ni kama mutu anavuta kampira kadogo anakaachilia ku ngozi. Paa! Paa!" Na harufu, ukasema, ni ya kuku anayebabuliwa manyoya. Baadaye uso unakuwa mwekundu kidogo na moto, unaupoza kwa kitambaa, unauficha jua kwa wiki kadhaa. Kisha vinajitokeza vipande vya ndevu, unadhani zinaota upya kumbe zinaaga, zinadondoka zenyewe unapoosha uso. Na lazima urudi tena na tena kwa miezi, kwa kuwa ndevu haziamki zote siku moja, na ile iliyolala mwanga unapopita haiguswi. Hakuna anayekuapia kwamba zitaisha milele. Zinapungua, zinakonda, na siku moja moja inarudi mojawapo kukusalimia.

Mpaka hapo wivu wangu ulikuwa wa kawaida, wa mtu aliyeona mwenzake amepata viatu vipya. Nilikuwa nakwangua kidevu changu kwa ukucha na kujisemea kwamba kuna watu wana bahati.

Kisha akaingia Maman Solange.

Sijawahi kumwona huyo mama. Najua tu kwamba ndiye anayeshika ile mashine, kwamba ana koti jeupe, kwamba anaimba chinichini akifanya kazi. Najua kwa sababu ulianza kuniambia habari zake kila ukitoka huko. Maman Solange kasema hivi, Maman Solange kacheka vile. Siku moja nilikuwa nasonga bugali, simu iko kwenye meza, sauti yako ikajaa jikoni: "Yaya, ule mama iko na mukono mwepesi! Hata sisikie kintu. Weye ulikuwa unaniumiza, ni vile tu nilikuwa nanyamaza." Ukacheka kicheko chako kile. Nilisonga ule bugali mpaka ukawa tofali, hakuna aliyeweza kuula.

Nilikuwa nakuumiza! Mimi niliyepoza kibano kwenye maji kabla hakijakugusa. Mimi niliyejua kwamba upande wako wa kushoto kuna udevu mmoja unaoota kwa kuzunguka, na kwamba ukiuvuta vibaya panavimba. Huyo Maman Solange anajua nini? Ameupita kwa mwanga tu kama mtu anayepita sokoni bila kusalimia. Na wewe usimsifu sana. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Haya ni maneno ya mwenye wivu, najua. Watu husema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Mimi nimeshiriki vizuri sana na nguo zangu bado zinanibana.

Tangu siku hiyo sauti zako nilizisikiliza nusu. Jina lile likitajwa, nazima.

Ndipo nikasikia kwamba daktari mmoja wa ngozi, mwanamke kijana, amefungua chumba chake huku Ibanda na ameleta mashine ya leza. Nikaenda kuomba nafasi siku ileile. Sitakudanganya kwamba nilikuwa nimechoka na ndevu. Nilitaka tu na mimi niwe na mtu wa mkono mwepesi, nikutumie sauti nikimsifu, usonge bugali wako kwa hasira.

Unajua mama alivyotulea. Hakuna kwenda kwa daktari ukiwa kama umetoka shambani. Hata ukiwa na homa kali unaogeshwa kwanza, unapakwa mafuta, unavalishwa nguo ya ndani mpya, ndipo unapelekwa ukafie huko ukiwa safi. Basi na mimi, siku moja kabla, nikakaa barazani na kioo na kibano nikang'oa kila kilichoonekana. Asubuhi nikapaka mafuta na poda, nikavaa kitenge cha misa, nikaenda nikinukia.

Daktari akanishika kidevu, akasogeza taa, akageuza huku, akageuza kule.

"Maman, ndevu iko wapi?"

"Nimeitoa yote, docteur. Nilitaka kuya safi."

"Umeitoa na nini?"

"Na pense," nikamjibu, yaani kibano.

Akaweka taa chini akacheka, lakini si kwa dharau. "Wamama ya Bukavu mutaniua. Kila mutu anakuya amejitengeneza kama anaenda ku harusi! Mwanga inafwata ile rangi nyeusi ya ndevu, inashuka nayo mpaka ku mizizi. Sasa uling'oa mizizi. Nichome nini?"

Akaniambia nirudi nyumbani nikae mwezi mzima au zaidi bila kibano, bila uzi, bila nta. Na siku moja kabla ya kurudi nipitishe wembe, ili udevu ukatike juu na mizizi ibaki chini, na nije na uso mkavu bila mafuta wala poda.

"Wembe?" nikamwuliza. "Ku uso ya mwanamuke? Itaota ya mwanaume!"

"Haiwezi, maman. Wembe inakata tu kichwa. Inaonekana nene sababu ilikatwa katikati, basi. Kule chini haiguse kintu."

Nilirudi nyumbani na kitenge changu cha misa nikiwa nimekasirika. Nikafungua sauti zako zote nizisikilize upya, nikuonyeshe kwamba ulinificha. Hukunificha. Yalikuwemo yote, wembe na nta na mafuta na kila kitu. Ulikuwa umeyasema polepole kama mtu anayemsomea mtoto, ila ulianza kwa kusema, "Maman Solange ananiambia..." na pale nilikuwa nimezima.

Mwezi ule, Nsimire, sitausahau. Ninyi wenzangu mtakaofanya hivi, jueni kwamba sehemu ngumu ya leza siyo leza. Ni kuziacha ziote mbele za watu. Nilisimama mbele ya wasichana wa sekondari nikiwafundisha mvua na milima, macho yao yote yako kidevuni. Nilifunga kitambaa nikatoa jasho, nikakifungua. Jumapili moja kwenye kwaya, mama mmoja aliyeimba na mama yetu alinishika mikono yote miwili, akaniangalia sana. "Leo unafanana naye kabisa," akasema. "Nilizani ni yeye anakuya." Nilipofika nyumbani nikaenda kwenye kioo. Alikuwa yeye kweli. Kidevu chake, na zile za pembeni ya mdomo alizokuwa hatoi akiwa mgonjwa. Sikuwa nimemwona kwa muda mrefu namna ile.

Nikawaza kwamba wewe, huko uliko, huwezi tena kumwona hivyo. Nikaona nimekushinda kwa kitu kimoja, nikafurahi. Halafu nikaona kwamba kukushinda kwenyewe hakuna raha, maana hakuna mtu wa kumwonyesha.

Siku moja kabla ya miadi nilipitisha wembe wa saluni, nikivuta ngozi kwa kidole kama mama alivyotufundisha. Kesho yake nikaenda; daktari alikuwa amekwisha kunijaribu mahali padogo na ngozi ilikuwa imekubali. Akanivisha miwani, akapaka jeli, akaanza. Paa, paa, kama ulivyosema. Harufu ya kuku, kama ulivyosema. Tukiwa tumefika katikati umeme ukakatika, nikabaki nimelala na nusu ya kidevu, miwani usoni, nikisikia mtu nje anavuta kamba ya jenereta na kuitukana. Daktari akakaa kusubiri pamoja nami. Akawasha tochi ya simu akachungulia kidevu changu kwa karibu.

"Hizi nyeupe," akasema, "mashine haizione."

"Nyeupe gani?"

"Iko nyeupe hapa chini, maman. Haukujua? Mwanga inatafuta nyeusi. Nyeupe inapita juu yake tu. Hizi zitabaki za pense, mpaka mwisho." Kisha akauliza kama mtu anayeuliza habari za kawaida, "Kwenu nani anakutoleaka?"

"Mudogo wangu," nikamwambia.

Nilisema hivyo bila kufikiri, kana kwamba uko barazani unanisubiri na bakuli la maji. Jenereta likanguruma, akaendelea na kazi. Na mimi nikashukuru kwamba nina miwani.

Hapo ndipo nilipoujua wivu wangu. Sikuwahi kukuonea wivu wa kidevu laini. Kidevu nimekwisha kukipata, ndevu zimeanza kudondoka, nikiosha uso zinabaki kwenye kitambaa kama pilipili manga, na moyo haujatulia. Namwonea wivu yule mwanamke. Namwonea wivu kwa sababu unakaa mbele yake ukiwa umeinua uso na kufumba macho, naye hajui hata kwamba hicho ni kiti changu. Unamwambia nini ukiwa umeshikwa hivyo? Umemwambia kwamba ulishika mimba, na kwamba haikukaa? Mimi nililijua hilo kwa mume wako, kwa simu, baada ya wiki mbili. Nilijiuliza kwa nini hukuniambia mwenyewe, na sasa naona kwamba hatukuwa tena na mahali pa kuambiana. Siku hizi njia ya moja kwa moja imefungwa, kuja kwetu ni kuzunguka nchi za watu, ndege na mabasi na mipaka, sikulaumu. Lakini nimeumia. Nimeumia zaidi ya kibano chochote.

Leza endelea nayo. Nami nitaendelea na yangu, daktari amenipa tarehe ya kurudi. Sitaki uote ndevu kwa ajili yangu. Hizi nyeupe nimeziacha. Sizigusi, na daktari nimemkataza asiziguse, zinarefuka. Wasichana wa shule wanaziona nikisimama karibu na dirisha, wacha wazione. Njia ikifunguka utakuja utazitoa, na utaniambia habari ya mtoto, polepole, hata ikichukua Jumamosi nzima.

Na wewe zako nyeupe zitakuja. Ukoo wetu hauruki mtu. Siku utakapoziona usizing'oe mwenyewe, na Maman Solange akitaka kukusaidia kwa mkono wake mwepesi, mwambie kwa adabu kwamba hizo zina mwenyewe.

Nakukumbatia, kidevu kwa kidevu,

Yaya wako, hapa Nyalukemba